Mtakatifu Yohane XXIII: Mzee Aliyeitwa Kazini Wakati wa Kupumzika

Sheria ya Kanisa ya siku zetu humwomba kila askofu wa jimbo anayetimiza umri wa miaka 75 amwandikie Baba Mtakatifu barua ya kuomba kung'atuka. Nchini Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Taratibu hizi ni za busara, kwa kuwa nguvu za mwanadamu zina mpaka wake, na kiti cha uongozi si mali ya anayekikalia. Hata hivyo, lipo swali ambalo sheria haiwezi kulijibu: mtu akishaufikia umri huo, maisha yake yaliyobaki ni ya nini? Wapo wanaoiogopa siku ya kustaafu kama mshtakiwa anavyoiogopa siku ya hukumu. Wapo wanaoking'ang'ania cheo hata baada ya nguvu kuwaishia. Wapo wanaorudi nyumbani na kukaa barazani wakihesabu siku, kana kwamba Mungu hana tena neno nao. Na zipo familia ambazo humwona mzee kuwa mzigo tangu mwezi ule mshahara wake ulipokoma.

Angelo Giuseppe Roncalli, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Papa Yohane XXIII, alichaguliwa kuwa Khalifa wa Mtakatifu Petro tarehe 28 Oktoba 1958 akiwa na umri wa miaka 76. Kwa kanuni ya leo angekuwa tayari amekwisha kuandika barua yake ya kung'atuka. Kwa muda usiofika miaka mitano aliitisha Mtaguso Mkuu, akaandika nyaraka zinazosomwa hadi leo, kisha akafariki dunia kazi yake kubwa ikiwa bado changa. Tukiyafuata maisha yake tangu mwanzo, tutaona kwamba uzee wake uliandaliwa mapema, na kwamba mafunzo yake yanamhusu hata mzee ambaye hatakikalia kamwe kiti cha uongozi.

Mtoto wa wakulima

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, karibu na mji wa Bergamo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa siku hiyo hiyo. Baba yake, Giovanni Battista Roncalli, na mama yake, Marianna Mazzola, walikuwa wakulima wasio na ardhi yao wenyewe. Walilima shamba la mwenye mali na kugawana naye mavuno. Watoto walikuwa wengi na chakula kilikuwa cha kawaida. Katika nyumba kama hiyo hapakuwa na siku ya kustaafu. Kila mtu alifanya kazi kwa kadiri ya nguvu alizokuwa nazo: kijana alilima, mama alipika na kulea, mzee alichunga wadogo, alishauri na aliongoza sala.

Katika nyumba hiyo aliishi mzee mmoja, jina lake Zaverio, ndugu wa babu yake Angelo. Hakuwa ameoa, wala hakuwa na cheo chochote kijijini. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto huyo, na ndiye aliyemfundisha sala zake za kwanza na kumzoesha mambo ya Kanisa. Hata alipokuwa mtu mzima na mwenye madaraka, Roncalli alimkumbuka mzee huyo kwa shukrani kama mwalimu wake wa kwanza wa imani. Ni jambo la kuzingatiwa: mlezi wa imani wa mtoto ambaye baadaye alikuwa Papa alikuwa mzee wa nyumbani, asiye na mshahara wala shahada, aliyekuwa na muda wa kukaa na mtoto. Wahenga wetu husema utu uzima dawa. Katika nyumba ile dawa hiyo ilitolewa kila jioni.

Angelo aliingia seminari ya Bergamo mwaka 1892. Mwaka 1895, akiwa bado kijana mdogo, alianza kuandika shajara ya maisha yake ya kiroho, akaendelea nayo hadi uzeeni. Baada ya masomo ya Bergamo na Roma alipewa Daraja Takatifu la Upadre tarehe 10 Agosti 1904.

Kazi ya miaka hamsini

Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa katibu wa Askofu Giacomo Radini Tedeschi wa Bergamo, akamtumikia mpaka askofu huyo alipofariki mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 57 tu. Katika miaka hiyo padre kijana alijifunza kazi ya uchungaji kwa kumwangalia mkubwa wake, naye baada ya kifo cha askofu aliandika kitabu cha maisha yake.

Katika miaka hiyo hiyo, akiwa Milano, Roncalli alikuta katika hifadhi ya nyaraka kumbukumbu za ziara ya kitume ambayo Mtakatifu Karoli Borromeo aliifanya katika Jimbo la Bergamo mwaka 1575. Aliona kwamba karatasi hizo zinaonyesha jinsi Kanisa la mahali lilivyojirekebisha baada ya Mtaguso wa Trento, akaazimia kuzichapisha. Ilikuwa kazi ya subira, ya kusoma miandiko ya zamani, kunakili na kufafanua. Aliibeba kazi hiyo katika kila kituo alichotumwa. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1936. Juzuu ya tano na ya mwisho ilitoka yeye akiwa Patriaki wa Venezia, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Kazi aliyoianza akiwa padre wa miaka ishirini na kitu aliikamilisha akiwa mzee, miaka hamsini baadaye. Hakuna aliyemwamuru kuimaliza, na cheo chake hakikuongezeka kwa sababu ya kazi hiyo. Aliipenda, naye aliona kwamba jambo lililoanzwa linastahili kumalizwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alitumika jeshini katika kikosi cha tiba, kisha kama padre wa wanajeshi majeruhi. Mwaka 1921 aliitwa Roma kushughulikia misaada ya umisionari nchini Italia. Mwaka 1925 aliwekwa wakfu kuwa askofu na kutumwa Bulgaria kama mwakilishi wa Papa. Kauli mbiu aliyoichagua kwa uaskofu wake ilikuwa na maneno mawili: utii na amani.

Miaka ya kutoonekana

Bulgaria haikuwa kituo kilichotamaniwa na wengi. Wakatoliki walikuwa wachache, wametawanyika vijijini katikati ya ndugu zao Waorthodoksi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga nchi hiyo mwaka 1928, alikwenda kwa waathirika na kuwatafutia misaada. Alikaa huko miaka kumi. Kisha akahamishiwa Uturuki na Ugiriki, akiishi Istanbul. Sheria ya Uturuki ya miaka hiyo ilikataza mavazi ya kidini hadharani, naye akavaa suti kama raia wengine. Aliruhusu lugha ya Kituruki itumike katika baadhi ya sala kanisani. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, aliwasaidia Wayahudi wengi waliokuwa wakikimbia mauaji, akitumia kila njia ya kidiplomasia aliyokuwa nayo.

Kwa hesabu ya watu, hiyo ilikuwa karibu miaka ishirini ya kusahauliwa. Wenzake walipanda ngazi huko Roma, yeye akabaki pembeni. Shajara yake haifichi kwamba miaka hiyo ilikuwa na upweke na uchungu. Lakini ndiyo miaka iliyomfunza kufanya kazi bila kupigiwa makofi. Wastaafu wengi huumizwa zaidi na ukimya kuliko na upungufu wa fedha: simu hailii tena, wageni hawaji, jina halitajwi mikutanoni. Roncalli alikwisha kuupitia ukimya huo akiwa bado na nguvu zake, akajifunza kwamba thamani ya mtu mbele ya Mungu haipimwi kwa idadi ya watu wanaobisha hodi mlangoni pake.

Mwishoni mwa mwaka 1944, akiwa na miaka 63, aliteuliwa ghafula kuwa Balozi wa Papa nchini Ufaransa, nchi iliyokuwa imetoka katika utawala wa adui na kugawanyika yenyewe kwa yenyewe. Serikali mpya ilitaka maaskofu kadhaa waondolewe kwa kudhaniwa kuwa walishirikiana na utawala uliopita. Balozi huyo alitumia subira na ucheshi wake, na jambo lililoweza kuwasha moto likatulia. Alikaa Paris miaka minane.

Venezia: kituo kilichodhaniwa kuwa cha mwisho

Mwezi Januari 1953 alifanywa kuwa Kardinali na Patriaki wa Venezia, akiwa na miaka 71. Baada ya miaka mingi ya udiplomasia alipewa tena kundi la kulichunga, jambo alilolitamani tangu ujana wake. Alifahamu, na kila mtu alifahamu, kwamba hapo ndipo safari yake ingeishia. Katika miaka hiyo baadhi ya ndugu zake wa damu walitangulia mbele ya haki, akiwemo dada yake Ancilla, aliyekuwa amemtunzia nyumba kwa muda mrefu. Katika mafungo yake ya kila mwaka aliutafakari uzee na kifo waziwazi, bila kujidanganya kwamba bado ni kijana na bila woga.

Mtu anaweza kudhani kwamba anayetafakari kifo huacha kazi. Kwa Roncalli ilikuwa kinyume. Alizitembelea parokia za Venezia, akaanzisha mpya, akawapokea watu wa kila aina bila masharti mengi. Mwezi Novemba 1957, alipokuwa akitimiza miaka 76, aliongoza sinodi ya jimbo. Hakuwa na haraka ya kijana anayetaka kuonekana, wala uzito wa mtu anayengoja tu siku yake. Alifanya kazi ya kila siku kama mtu ambaye hana uhakika wa kesho na kwa hiyo hataki leo ipotee.

Papa wa mpito

Papa Pius XII alifariki tarehe 9 Oktoba 1958, baada ya kuliongoza Kanisa kwa karibu miaka ishirini. Makardinali walikutana Roma kumchagua mrithi wake, na katika siku ya nne wakamchagua Patriaki wa Venezia. Wengi waliuelewa uchaguzi huo kwa namna moja: wamemweka mzee mwema akae kwa muda mfupi, mpaka apatikane mtu wa kuliongoza Kanisa kwa miaka mingi. Aliitwa Papa wa mpito. Yeye mwenyewe alijua kwamba anafikiriwa hivyo, na halikumsumbua. Alichagua jina la Yohane, jina la baba yake na la parokia alikobatizwa, akijua pia kwamba wengi wa mapapa walioitwa jina hilo walitawala kwa muda mfupi.

Siku ya Noeli ya mwaka huo alikwenda kuwaona watoto wagonjwa hospitalini, na kesho yake akawatembelea wafungwa wa gereza la Regina Coeli jijini Roma. Kisha tarehe 25 Januari 1959, kabla miezi mitatu haijatimia tangu kuchaguliwa kwake, aliwatangazia makardinali katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kwamba ataitisha sinodi ya Jimbo la Roma, ataitisha Mtaguso Mkuu wa Kanisa lote, na ataagiza Sheria za Kanisa zitazamwe upya. Alikuwa na umri wa miaka 77.

Tuitazame hesabu aliyoikataa. Mtu wa umri huo angeweza kusema kwamba kazi ya namna hiyo huchukua miaka mingi, naye hana miaka mingi; afadhali amwachie anayekuja. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kabisa, kwa sababu ni kweli hakuuona mwisho wa Mtaguso wala Sheria mpya za Kanisa, zilizotolewa mwaka 1983. Yohane XXIII alifahamu kwamba anapanda mti ambao kivuli chake hatakikalia. Mkulima wa Sotto il Monte hakuona ajabu katika hilo, kwa maana kila anayepanda mti wa matunda akiwa mzee anawapandia wajukuu.

Uzee wake haukumfungia katika mambo ya kale. Katika miaka hiyo alikuwa akijifunza Kiingereza. Aliipita idadi ya makardinali 70 iliyowekwa tangu karne ya 16, na tarehe 28 Machi 1960 akamfanya Askofu Laurean Rugambwa, aliyekuwa na miaka 47, kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Mzee wa Bergamo aliliona Kanisa la Afrika likiwa kijana na akalikaribisha mezani kama mtu mzima. Hii ni sifa ya uzee mwema: kuwafungulia vijana mlango kabla hawajaanza kuubisha.

Wakulima wasio na pensheni

Tarehe 15 Mei 1961 alitoa Waraka wa Kitume *Mater et Magistra* kuhusu mambo ya jamii. Sehemu kubwa ya waraka huo inahusu kilimo. Papa aliona kwamba vijana wanahama mashamba kwa sababu mkulima ameachwa nyuma katika barabara, maji, mikopo na bei ya mazao. Tena akaligusa jambo ambalo kwa wasomaji wetu wengi ni la nyumbani: bima na hifadhi ya jamii. Alifundisha kwamba mafao ya wakulima na familia zao yasiwe duni kwa kiasi kikubwa kuliko ya wafanyakazi wa sekta nyingine, kwa kuwa hifadhi ya jamii ni njia mojawapo ya kugawana kwa haki pato la taifa.

Aliyeandika hayo alikuwa na wadogo ambao mikono yao ilikuwa bado na sugu za jembe. Alijua kwamba mkulima hazeeki kama karani. Karani hupewa kiinua mgongo na pensheni. Mkulima hupewa maumivu ya mgongo, na mazao yake hupungua mwaka kwa mwaka. Hata leo, katika nchi zetu, wazee walio wengi hawakuajiriwa na mtu yeyote. Walilima, walivua, walichunga, waliuza sokoni, walilea wajukuu wa watoto waliofariki. Hawana barua ya kustaafu kwa sababu hawakuwahi kupewa barua ya ajira. Tunapozungumza juu ya kustaafu kwa heshima, tukiwasahau hao tutakuwa tumewasahau wengi. Mafundisho ya Papa huyu yanatudai tuwahesabu: katika mipango ya nchi, katika vyama vya ushirika, katika jumuiya ndogondogo na katika familia.

Hakutumia cheo chake kuwatajirisha ndugu zake. Katika barua aliyomwandikia ndugu yake mwaka 1961 aliwaeleza kwamba kuwaacha katika hali yao ya kawaida ni sehemu ya heshima ya upapa wake. Ndugu zake wakaendelea kuwa wakulima, na wosia wake unaonyesha kwamba hakuwa na mali ya kugawa. Wazee wanaoogopa kuachia madaraka mara nyingi huogopa kupoteza vitu. Mtu ambaye hakuvikusanya ana machache ya kuogopa.

Kuongoza na kuachia

Mwezi Septemba 1962 madaktari waligundua kwamba ana saratani ya tumbo. Mtaguso ulikuwa ufunguliwe baada ya majuma machache. Tarehe 4 Oktoba alisafiri kwa treni kwenda kuhiji Loreto na Assisi ili kuukabidhi Mtaguso mikononi mwa Mungu, na tarehe 11 Oktoba 1962 akaufungua mbele ya maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka pembe zote za dunia. Katika mwezi huo huo mataifa makubwa yalifika ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa ajili ya makombora yaliyowekwa Cuba. Naye akazungumza redioni akiwasihi viongozi wasifunge masikio yao kwa kilio cha watu wanaotaka amani.

Baada ya ufunguzi, mzee huyu alifanya jambo ambalo waanzilishi wengi hulishindwa. Hakukaa katikati ya kila mjadala. Aliifuatilia mikutano kwa televisheni akiwa chumbani kwake na kuwaacha maaskofu wajadiliane kwa uhuru, hata walipotofautiana vikali na hata walipoyakataa maandalizi ya wataalamu wa Roma. Mwezi Novemba, mjadala kuhusu Ufunuo wa Mungu ulipokwama kwa sababu ya kanuni za kura, aliingilia kati kwa kuagiza rasimu irudishwe kwa tume mpya, kisha akarudi katika ukimya wake. Alikuwapo ilipohitajika awepo. Kikao cha kwanza kilifungwa tarehe 8 Desemba 1962 bila hati hata moja kuwa imekamilika, naye hakuona kwamba kazi imeharibika.

Hapa ipo hekima kwa mwanzilishi wa shule, wa kikundi, wa duka la familia, wa kwaya. Kuanzisha jambo hakumpi mtu haki ya kulishika kooni hadi siku ya kufa kwake. Wapo wazee ambao ushauri wao hutafutwa kwa sababu hawaulazimishi, na wapo ambao hukimbiwa kwa sababu kila kikao ni lazima kianze na kuishia kwao.

Tarehe 11 Aprili 1963, siku ya Alhamisi Kuu, alitoa Waraka wa *Pacem in Terris* juu ya amani duniani, akiwaelekezea watu wote wenye mapenzi mema na si Wakatoliki peke yao. Alikuwa mgonjwa sana, na zilibaki chini ya siku 60 za maisha yake. Mwishoni mwa Mei alilazimika kubaki kitandani. Ndugu zake kutoka Sotto il Monte waliitwa, wakasimama karibu naye, wakulima katika jumba la mapapa. Jioni ya tarehe 3 Juni 1963, siku moja baada ya Sherehe ya Pentekoste, Yohane XXIII alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 81. Hata mwisho wake ulikuwa kazi, kwa kuwa aliyatoa maumivu yake kwa ajili ya Mtaguso, kwa ajili ya Kanisa na kwa ajili ya amani. Mgonjwa asiyeweza tena kuinua mkono bado anaweza kutoa.

Tunda ambalo hakulila

Papa Paulo VI aliuendeleza Mtaguso na kuufunga tarehe 8 Desemba 1965. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, miaka saba kamili tangu siku Roncalli alipochaguliwa, ilitangazwa hati ya Mtaguso kuhusu huduma ya kichungaji ya maaskofu. Hati hiyo iliwasihi maaskofu waliopungukiwa na nguvu kwa sababu ya umri au sababu nyingine nzito wajitolee wenyewe kung'atuka. Mwaka 1966 Papa Paulo VI akautaja umri wa miaka 75, na mwaka 1970 akaamua kwamba makardinali waliotimiza miaka 80 wasishiriki tena kumchagua Papa. Hivyo utaratibu wa kustaafu kwa maaskofu ulitoka katika Mtaguso ulioitishwa na mzee aliyekuwa amekwisha kuupita umri huo.

Wengine wanaweza kuona mgongano hapo. Kwa kweli mambo haya mawili yanashikana. Anayeandika barua ya kung'atuka akiwa na miaka 75 na aliyeitikia wito akiwa na miaka 76 wanaungama ukweli mmoja: kazi ni ya Mungu, na mtumishi huja na kuondoka anapoambiwa. Utii uleule unaomwezesha mtu kuanza upya uzeeni ndio unaomwezesha kukabidhi funguo bila kinyongo. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani. Simeoni naye, akiisha kumpakata Mtoto hekaluni, aliona kwamba sasa anaweza kwenda kwa amani. Maandiko Matakatifu yanawaheshimu wote wawili.

Papa Yohane XXIII alitangazwa Mwenyeheri tarehe 3 Septemba 2000 na Mtakatifu tarehe 27 Aprili 2014. Kanisa humkumbuka kila tarehe 11 Oktoba, siku aliyoufungua Mtaguso. Siku ya uzee wake, siyo ya ujana wake.

Kwa ndugu zetu mnaokaribia kustaafu, maisha yake yanawaalika kujiandaa mapema kwa ndani kama mnavyojiandaa kwa mafao: kuwa na kazi ya upendo ambayo hakuna barua inayoweza kuikatisha, kuzoea kutumika bila kuonekana, kusali kwa utaratibu. Kwa mliokwisha kustaafu, yapo mambo yanayowasubiri nyumbani na parokiani: mtoto wa kufundishwa ishara ya msalaba, mgonjwa wa kutembelewa, ugomvi wa wanandoa unaohitaji mtu mzima. Kwa vijana na familia, kumbukeni mzee Zaverio. Anayekaa leo kwenye kona ya nyumba yenu huenda ndiye Mungu aliyemchagua kumlea mtoto mnayemtarajia kuwa mkubwa. Mpeni chakula na dawa, lakini mpeni pia nafasi ya kuzungumza, na mtoto wa kukaa naye.

Mtakatifu Yohane XXIII, uwaombee wazee wetu, na utuombee sisi sote neema ya kuzeeka katika utii na amani.